Kuanza Kukimbia: Punguza Kasi Kwanza, Malengo Yafuate

Mtu akianza kukimbia kisha akaacha baada ya wiki mbili tatu, ukimuuliza sababu atakwambia ari ilimwishia. Mwombe akueleze siku yake ya kwanza ilivyokwenda, ndipo utakapoiona sababu yenyewe. Alitoka kwa kasi, dakika ya pili akawa anatweta, akajikaza hadi alikokusudia kufika, na kesho yake kushuka ngazi kukawa shughuli. Ari alikuwa nayo ya kutosha. Kilichomwangusha ni kasi. Mwili uliosulubiwa mara tatu mfululizo hutafuta visingizio vya kutorudi mara ya nne, na hapo hakuna maneno ya kutia moyo yatakayousaidia.

Kwa hiyo anayeuliza apate wapi hamasa ya kukimbia, ushauri wetu wa kwanza ni huu: kimbia polepole kuliko unavyoona inafaa, umalize ukiwa bado na nguvu. Hamu ya kurudi huzaliwa hapo.

Kuna sababu nyingine ya kwenda taratibu, nayo imo ndani ya mwili. Kila mguu unapotua wakati wa kukimbia hupokea nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni kilo 140 hadi 210 kwa hatua moja, na kwa dakika moja anapiga hatua 160 hivi. Moyo na damu huzoea kazi hii upesi. Baada ya wiki chache tu pumzi inakuwa nyepesi. Misuli hufuata. Kano na mifupa ndizo zinazochelewa, kwa kuwa zinahitaji miezi. Mfupa unapopewa mzigo mpya huanza kwa kuondoa chembe za zamani, kisha ndipo hujenga mpya, na ujenzi huchukua muda mrefu kuliko ubomoaji. Katikati ya hatua hizo mbili mfupa huwa dhaifu kidogo kuliko ulivyokuwa mwanzo. Ndiyo maana wakimbiaji wapya wengi hawaumii siku za kwanza, bali wanapoanza kujisikia vizuri: pumzi imekubali, nao wanaongeza mzigo ambao miguu haijawa tayari kuubeba.

Kasi inayofaa ni ile inayokuwezesha kuzungumza. Huku unakimbia, sema kwa sauti: "Nikimaliza dakika hizi nitatembea kidogo, halafu nitaanza tena." Ukiitamka sentensi yote bila kukata pumzi, uko sawa. Ukitoa maneno mawili matatu kisha ukahema, punguza mwendo. Wengi hushangaa kuona kwamba kasi hiyo inakaribiana na ya mtu anayetembea haraka, dakika 8 au hata 9 kwa kilomita moja. Iacheni iwe hivyo. Saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo zinasaidia, lakini nyingi hukadiria kiwango cha juu kwa kutoa umri kwenye 220, na makadirio hayo yanaweza kupotoka kwa mapigo 10 au zaidi kwa mtu mmoja mmoja. Kipimo cha kuzungumza hakina kasoro hiyo, tena hakihitaji betri.

Sasa mpango wenyewe. Siku tatu kwa wiki, kila moja ikifuatwa na siku ya mapumziko: mathalani Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kila mara anza kwa kutembea haraka dakika 5, na malizia kwa kutembea dakika 5. Katikati, wiki ya kwanza na ya pili, kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8. Wiki ya tatu ni dakika 2 kwa 2, mara 6. Ya nne, kimbia dakika 3 na kutembea 2, mara 5. Wiki ya tano na ya sita ni kukimbia dakika 5 na kutembea 2, mara 4. Wiki hizi mbili zinafanana kwa makusudi, ili miguu iifikie pumzi. Ya saba, dakika 8 kwa 2, mara 3. Ya nane, dakika 10 kwa 2, mara 3 vilevile, ambapo jumla ya kukimbia inakuwa dakika 30 kwa mara ya kwanza. Ya tisa, dakika 15 mara mbili, katikati dakika moja ya kutembea. Wiki ya kumi unakimbia dakika 30 bila kusimama. Wiki ikikushinda, irudie. Aliyefika kwa wiki kumi na nne amefika sawasawa na aliyefika kwa kumi.

Kosa linalojirudia kuliko yote katika mpango kama huu ni kuruka vipindi vya kutembea kwa sababu "bado nina nguvu". Vipindi hivyo havikuwekwa kwa ajili ya aliyechoka tu. Vinapunguza idadi ya vishindo mguuni, na vinarudisha umbo la mwili: mtu aliyechoka huinama kiunoni, hatua zake huwa nzito, na miguu huanza kutua mbele mno ya mwili. Tembea hata kama hujachoka.

Malengo: yapange kwa tabaka

Mtu akijiwekea lengo moja kubwa, kwa mfano kumaliza kilomita 10 kabla mwaka haujaisha, anabaki miezi mingi bila kujua kama anakwenda mbele au la. Ni afadhali kuwa na tabaka tatu. La chini ni lengo la kitendo: kutoka mara tatu wiki hii. Hili liko mikononi mwako kabisa. Halitegemei pumzi yako ikoje siku hiyo wala mwendo wa jirani. La kati ni lengo la uwezo: dakika 30 bila kusimama. La juu ni lengo la matokeo, yaani umbali fulani kwa muda fulani. Kwa wiki kumi za kwanza jipime kwa lile la chini tu.

La juu liwekwe baada ya kuwa na namba zako mwenyewe. Ukishaweza dakika 30, pima umbali uliokimbia kwa kasi ya kuzungumza. Tuseme ni kilomita 4. Hiyo ni dakika 7 na sekunde 30 kwa kilomita, maana yake kilomita 5 utazimaliza kwa dakika 37 na nusu. Lengo la kuzimaliza kwa dakika 35 ndani ya miezi miwili au mitatu ni la haki, kwa kuwa linadai kilomita moja kwa dakika 7. Lengo la dakika 25 kwa kipindi hichohicho linadai dakika 5 kwa kilomita, na mtu huyu akilishika kwa nguvu ataishia kuumia. Tarehe nayo ihesabiwe kutoka ulipo, si kutoka siku ya tamasha la mbio unalolitamani.

Uzito wa mwili tunashauri usiwe lengo la kwanza, ingawa ndio unaowatoa wengi nyumbani. Hesabu yake inakatisha tamaa. Kukimbia kilomita moja hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito, hivyo mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 3 anatumia kama 210. Kilo moja ya mafuta mwilini ina kilokalori zinazokaribia 7,700. Hizo ni safari zipatazo 37, tena ikiwa mlo haujaongezeka. Wakati huohuo maji na chakula peke yake vinaweza kuisogeza mizani kwa kilo nzima ndani ya siku moja. Anayepima kila asubuhi ataona namba zinapanda wiki ambayo amefanya kila kitu vizuri, aamini juhudi zimekwenda bure. Pima badala yake mapigo ya moyo unapoamka, kabla ya kuinuka kitandani: yahesabu kwa dakika nzima, mara moja kwa wiki. Au pita njia ileile kila mwezi kwa kasi ya kuzungumza na uandike muda. Vipimo hivi hufuata mazoezi kwa karibu zaidi kuliko mizani.

Kuhusu kujenga mazoea, watafiti wa University College London walichapisha mwaka 2010 utafiti uliowafuatilia watu waliokuwa wakijaribu kuzoea tendo moja jipya la kila siku. Muda wa kati wa kufikia hali ya kulifanya bila kujishurutisha ulikuwa siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Tena kukosa siku moja hakukuharibu mwenendo. Kwa hiyo mwezi mmoja ukipita na bado unajivuta, hujafeli. Muda wako haujafika.

Kinachosaidia sana ni kuufunga uamuzi kwenye jambo ambalo tayari hutokea. "Nitakimbia wiki hii" ni nia isiyo na saa. "Jumanne nikitoka kazini, kabla sijakaa, navaa viatu na kutoka" ni mpango. Weka na wa akiba: "Mvua ikinyesha jioni, nitatoka kesho yake asubuhi." Siku usiyojisikia kabisa, toka ukatembee dakika 10 kwa ruhusa kamili ya kurudi baada ya hapo. Mara nyingi utaendelea. Ila kama una homa, baki nyumbani. Kukimbia na homa ni hatari kwa misuli ya moyo.

Viatu havihitaji maneno mengi. Vijaribu jioni, miguu inapokuwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi za kukimbilia. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kile kinachokukaa vizuri tangu dukani ndicho. Kiatu kinachobana hakitalainika njiani. Jozi moja hudumu kilomita 500 hadi 800.

Maumivu ya kupuuza na ya kusikiliza

Misuli ya mapaja na mashavu ya miguu kuuma pande zote mbili, kuanzia siku inayofuata na kuisha ndani ya siku tatu, ni kawaida. Kunyoosha viungo kabla au baada hakuzuii maumivu hayo kwa kiasi cha kutegemewa. Kutembea kidogo hukufanya ujisikie nafuu. Kichomi cha ubavuni hupungua ukiacha saa mbili au tatu kati ya mlo mkubwa na mazoezi. Kikikushika, tembea na upumue kwa kina.

Maumivu yanayokaa upande mmoja, mahali pamoja, na kuongezeka kadiri unavyokimbia, hayo ni ya kusikiliza. Chukua mfupa wa muundi. Maumivu yaliyotambaa kwa sentimita kadhaa kwenye ukingo wake wa ndani kwa kawaida hutokana na kuongeza mzigo haraka. Punguza, na kama hayatulii pumzika wiki moja au mbili. Lakini ukiweza kuyafunika kwa ncha ya kidole kimoja, yakachoma unaporuka kwa mguu huo au yakakuamsha usiku, simamisha mbio hadi mtaalamu wa afya akuangalie, maana huenda mfupa una ufa. Maumivu nyuma au kando ya pia ya goti, hasa unaposhuka ngazi, mara nyingi hupungua ukifupisha hatua na kuziongeza idadi kwa asilimia 5 hadi 10 bila kuongeza kasi. Kisigino kinachouma hatua za kwanza za asubuhi kinaelekeza kwenye utando wa chini ya unyayo.

Kinga iliyo nafuu ni nguvu ya misuli. Siku mbili kwa wiki, simama kwenye ukingo wa ngazi ukishika ukuta, panda kwa vidole na ushuke polepole, mara 12 kwa seti 3. Kisha chuchumaa na kuinuka idadi hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani pia linapendekeza mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi kwa wiki kwa watu wazima, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani au 75 hadi 150 za mazoezi mazito.

Muone daktari kabla ya kuanza ikiwa una ugonjwa wa moyo, kisukari, presha isiyodhibitiwa au ujauzito, au ikiwa ndugu wa karibu alifariki ghafla kwa moyo akiwa bado kijana. Na ukiwa njiani, maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuzimia au moyo kudunda bila mpangilio vinakutaka usimame papo hapo na utafute matibabu.

Ukikosa wiki moja kwa safari au ugonjwa, anzia hatua uliyoachia. Ukikosa mbili au tatu, rudi hatua mbili nyuma. Na ukishazimudu dakika 30, usiongeze umbali na kasi kwa pamoja. Kwa wiki sita hivi, refusha mbio moja tu kati ya tatu, dakika 5 kila baada ya wiki mbili, nyingine mbili zibaki zilivyo. Baada ya hapo ndipo uingize kasi, na iwe siku moja tu kwa wiki: dakika 1 ya haraka, dakika 2 za taratibu, mara 6 katikati ya mbio zako za kawaida.