Sauti Nzito Si Sauti Kubwa: Dhana Potofu kuhusu Saksofoni za Besi

Katika karakana yangu hapa Ngamiani, Tanga, ninakotengeneza ala za kupuliza za vikundi vya matarumbeta, bendi za shule na makanisa, ombi moja limenijia mara nyingi mno hata nimeona nilijibu kwa maandishi. Kiongozi wa kikundi huketi, hunionyesha kwenye simu picha ya saksofoni inayompita mpigaji wake kimo, kisha husema: “Fundi, tutafutie hii. Tukiwa nayo, harusi ya Chumbageni itasikika hadi Pongwe.” Wiki iliyopita nimeambiwa hivyo tena, na safari hii na watu waliokwisha kuanza kuchangishana fedha.

Dhana yenyewe ni kwamba kadiri saksofoni inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyotoa sauti kubwa. Nahisi lugha yetu imechangia, kwa kuwa twasema “sauti kubwa” tukikusudia kishindo, na mtu akiiona ala kubwa huona kama neno na kitu vimekubaliana. Lakini sauti kubwa ni jambo moja na sauti nzito ni jambo jingine. Umbo la saksofoni linapoongezeka, kinachobadilika kwa hakika ni uzito wa sauti, yaani mitetemo hupungua kwa kila sekunde. Kishindo hakiongezeki kwa kipimo hicho hata kidogo.

Tuanzie kwenye saksofoni ya tenori, ambayo wapigaji wetu wengi wanaijua. Noti yake ya chini kabisa ina mitetemo takriban 104 kwa sekunde. Baritoni ya kawaida hushuka hadi 69, na ile iliyoongezewa noti ya A hufika 65. Saksofoni ya besi, iliyo oktavu moja chini ya tenori, yaani kwa nusu ya mitetemo yake, hufika 52. Kontrabesi, iliyo oktavu moja chini ya baritoni, hufika 35 hivi. Na subkontrabesi, ambazo zimetengenezwa chache mno duniani, hufika 26, chini kidogo ya noti ya mwisho ya kushoto kwenye piano, ambayo ina mitetemo 27.5. Gitaa la besi la nyuzi nne huishia 41. Kwa hiyo anayesema kwamba kontrabesi ni nzito kuliko gitaa la besi amesema kweli, nami simbishii.

Tatizo liko kwenye sikio. Sikio la binadamu hunasa vizuri zaidi sauti zenye mitetemo kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde, na kadiri sauti inavyoshuka kuelekea 20, ambako usikivu wetu hukoma, ndivyo inavyohitaji nguvu nyingi zaidi ili isikike sawasawa na nyingine. Sehemu kubwa ya kile tunachokisikia kontrabesi inapopigwa ni zile sauti za juu zinazoandamana na noti ya msingi, na sikio huziunganisha likapata noti yenyewe. Ukumbini, ambamo kuta hurudisha sauti, jambo hilo hupendeza sana. Barabarani, upepo wa kaskazi unapovuma kutoka baharini na ngoma zinapolia kando yako, kinachobaki ni mngurumo ambao mtu aliye hatua hamsini mbele hawezi kuutaja kwa noti.

Kuna sababu ya pili, na hii huwashangaza hata wapigaji wazoefu. Katika tuba au suzafoni, ambazo vikundi vyetu huziita besi tu, sauti yote hutokea kwenye domo, yaani mwisho mpana wa bomba, na domo la suzafoni hukaa juu ya kichwa cha mpigaji likiwaelekea watu walio mbele. Saksofoni haiko hivyo. Sauti yake hutoka zaidi kwenye matundu ya kwanza yaliyo wazi, chini ya yale uliyoyafunga, na ni noti za chini kabisa tu zinazotegemea domo lenyewe. Ndiyo maana kuziba domo la saksofoni kwa kitambaa hakuinyamazishi kama kunavyoinyamazisha tarumbeta. Sasa fikiria matundu hayo yakiwa usawa wa kiuno na magoti, katikati ya msafara wa harusi uliojaa kanga na makanzu. Zile sauti za juu, ambazo ndizo zinazobeba noti hadi mbali, humezwa na watu walio karibu kabla hazijavuka barabara. Zaidi ya hayo, kontrabesi ina kimo cha karibu mita 2 na uzito wa takriban kilo 20, hivyo hupigwa ikiwa imewekwa kwenye kiegemeo. Hakuna atakayetembea nayo kutoka nyumbani kwa bibi harusi hadi ukumbini.

Wanaonibishia hunitajia rekodi za jazi za Marekani za miaka ya 1920, ambamo saksofoni ya besi inasikika wazi mikononi mwa Adrian Rollini. Rekodi hizo nami nazipenda kwa dhati, lakini zilipigwa ndani ya chumba, mpigaji akiwa karibu na chombo cha kunasia sauti. Kinachosikika humo ni wepesi wa kuanza kwa noti: ridi, yaani ule ubapa mwembamba unaotetema mdomoni mwa mpigaji, hujibu upesi, kila noti ikaanza na kuisha mahali pake, na mpigaji akaweza kukimbia kwa namna ambayo tuba huifanya kwa taabu. Hiyo ndiyo sifa halisi ya saksofoni nzito, na mtu anayeitaka kwa sababu hiyo, kwa bendi ya ukumbini yenye kipaza sauti, nitamsaidia kwa moyo wote. Kwa kikundi cha barabarani, ushauri wangu haubadiliki: tengenezeni valvu za tuba mliyo nayo, kisha nunueni baritoni moja nzuri iliyotumika, itakayojaza nafasi kati ya tuba na tenori.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi. Wengi huihesabu saksofoni katika ukoo wa tarumbeta kwa kuwa imetengenezwa kwa shaba nyeupe au nyekundu, hali ukoo hufuata kinachotetema. Katika tarumbeta hutetema midomo ya mpigaji, na katika saksofoni hutetema ridi, kwa hiyo saksofoni, “mdomo wa bata” wetu, ni ndugu wa klarineti na wa zumari yetu ya pwani, ambayo nayo bomba lake hupanuka kuelekea chini. Wengine hudai kwamba bomba refu ndilo lenye sauti nzito daima. Klarineti ya kontrabesi hufika noti ile ile ya 35 kwa bomba la takriban mita 2.5, ambapo saksofoni ya kontrabesi huhitaji karibu mita 5, kwa sababu bomba la klarineti lina upana ule ule tangu juu na la saksofoni hupanuka kadiri linavyoshuka. Wapo pia wanaoamini kwamba saksofoni hizi kubwa ni ubunifu wa juzi. Mbelgiji Adolphe Sax alisajili uvumbuzi wake Paris mwaka 1846, na saksofoni yake ya mwanzo, ambayo mtunzi wa muziki Mfaransa Hector Berlioz aliiandika gazetini mwaka 1842, ilikuwa ya besi. Na anayehofia kujifunza vidole upya asihofu, kwani anayejua tenori anazijua zote.

Imebaki dhana ya mapafu, ambayo imewavunja moyo vijana wengi niliowafundisha. Ni kweli kwamba saksofoni nzito hula pumzi nyingi, lakini huitaka ije polepole na kwa wingi, bila kusukumwa kwa nguvu, na mtu mwembamba mwenye koo lililolegea huipiga vizuri kuliko mwenye kifua kipana anayekaza shingo. Kijana akiniambia kwamba baritoni haitoi noti za chini kwa sababu yeye hana mapafu, simjibu kabla sijaizima taa ya karakana, nikateremsha taa ndogo ndani ya bomba na kutazama mahali mwanga unapopenya kwenye pedi, yaani vile vitu laini vya ngozi vinavyoziba matundu. Mara nyingi mwanga huonekana. Pedi moja iliyoinuka upande, hata kwa unene wa karatasi ya sigara, hutosha kuiua kila noti iliyo chini yake, na katika ala yenye vifuniko vipana kama visahani vya chai nafasi za kuvuja ni nyingi zaidi. Hewa yetu ya bahari hulainisha ngozi ya pedi na kutia kutu springi za chuma, na wakati wa masika hali huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo ukimaliza kupiga, pitisha kitambaa ndani ya bomba, futa pedi moja moja, na uliache sanduku wazi usiku kucha kabla ya kulifunga. Noti za chini zikigoma baada ya hapo, niletee saksofoni niitazame kabla hujamlaumu mpigaji.