Taimauti na taima kwenye seva: tunayoyaamini na yanayotokea kweli

Magari mengi ya utalii yanayotoka Arusha alfajiri kwenda Tarangire, Ngorongoro na Serengeti yamefungwa kifaa cha GPS, na kifaa hicho huwa kimeshika muunganisho na seva iliyoko mahali fulani. Njiani mtandao wa simu unakuja na kupotea. Anayeandika seva ya vifaa hivi anajua habari za taimauti (ukomo wa muda wa kusubiri) na taima (kihesabu muda kinacholia ukomo ukifika) mapema kuliko mwenzake wa tovuti ya hoteli, kwa sababu wateja wake, yaani vifaa hivyo, hawaagi wanapoondoka. Haya ni mambo ninayoyasikia wana programu wakikutana Njiro au Tengeru huku Arusha, na mengine nimeyakuta yakiendesha biashara za watu.

Dhana: gari likipoteza mtandao, seva itajua

Haitajua. Muunganisho wa TCP (utaratibu wa kupeleka data mtandaoni kwa kuthibitisha imefika) uliokufa na ule uliokaa kimya, ukiitazama kutoka upande wa seva, haitofautiani hata kidogo. Programu ikifunga vizuri, pakiti ya FIN, ya kuaga, inatumwa. Ikianguka, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mashine ile inaifungia soketi zake, yaani ncha za miunganisho yake, na mwenzake anapata FIN au RST, ya kukata ghafla. Lakini kifaa kilichoshuka bonde lisilo na mnara hakitumi chochote, na kwa hesabu za seva gari bado lipo hewani.

Ukitaka kuliona kwa macho, ingia kwenye seva ya Linux uandike `ss -tno`. Utakuta mistari ya namna hii:

`ESTAB 0 0 10.0.0.5:5023 203.0.113.40:41822 timer:(keepalive,97min,0)`

Hizo dakika 97 ndizo zilizobaki kabla kerneli haijaanza hata kubisha hodi. Soketi ikiwashiwa SO_KEEPALIVE (mpangilio wa kubisha hodi kwenye muunganisho uliokaa kimya) bila kubadilisha kitu kingine, Linux inasubiri sekunde 7200 za ukimya, kisha inabisha mara 9 kwa nafasi ya sekunde 75. Jumla ni saa 2, dakika 11 na sekunde 15 ndipo ikubali kwamba hakuna mtu. Na hapo umeiwasha. Usipoiwasha, safu ya `timer` haionekani kabisa, na muunganisho unaweza kukaa hivyo mpaka siku utakapowasha seva upya. Seva ikiwa na data iliyotuma ambayo haijathibitishwa kupokewa, hesabu ni nyingine: `tcp_retries2`, idadi ya kurudia kutuma, ni 15, ambayo kwa kawaida ni dakika 15 na kitu.

Wakati huohuo gari limetoka bondeni, limepata mtandao, na kifaa kimefungua muunganisho mpya. Wa zamani bado umo. Zidisha kwa magari yote na kwa kila bonde, halafu kumbuka kwamba mifumo mingi inampa mchakato mmoja faili 1024 tu za kufungua kwa mpigo mmoja, na kila soketi ni faili. Siku ya kikomo, seva inagoma kupokea magari mapya huku ikitunza mizimu.

Tena kuna NAT ya mtandao wa simu katikati, inayowapa wateja wengi anwani moja na kukumbuka kila muunganisho ni wa nani. RFC 5382, waraka wa kanuni za mtandao wa mwaka 2008, inaitaka isisahau muunganisho uliokaa kimya kabla ya saa 2 na dakika 4, lakini mitandao mingi inasahau mapema zaidi. Kwa hiyo subira ya saa 2 haina maana kwa kifaa chenye laini ya simu. Punguza kwa soketi husika: TCP_KEEPIDLE, TCP_KEEPINTVL, TCP_KEEPCNT (muda wa ukimya, nafasi kati ya hodi, na idadi ya hodi), na TCP_USER_TIMEOUT kwa data iliyokwama. Juu ya hapo weka salamu ya programu yenyewe, kifaa kiseme "nipo" na seva ijibu, kwa sababu keepalive inajibiwa na kerneli hata kama programu iliyo juu yake imeganda tangu asubuhi.

Dhana: taimauti ikitokea, ombi limeshindikana

Hii ndiyo inayokula pesa za watu. Chukua hosteli ya wapanda mlima pale Moshi. Mfumo wa mapokezi unatuma ombi la malipo kwa simu. Sekunde 30 zinapita bila jibu, skrini inaandika "imeshindikana" kwa rangi nyekundu. Mhudumu anabonyeza tena. Jioni mgeni anarudi na simu mkononi: "Dada, mbona nimekatwa mara mbili?" Na dada wa watu hana kosa, amefanya alichoambiwa na skrini.

Taimauti inasema jambo moja tu: subira yako imeisha. Huenda ombi halikufika. Huenda limefika na bado linashughulikiwa. Huenda limekamilika na jibu ndilo lililopotea njiani. Ukiwa upande wa hosteli, yote matatu yana sura moja, na hakuna idadi ya sekunde utakayoweka itakayoyatofautisha.

Kwa hiyo kanzidata inahitaji hali ya tatu. Pamoja na IMELIPWA na IMEKATALIWA, iwepo HAIJULIKANI, na skrini imwambie mhudumu asubiri, asibonyeze. Kila malipo yawe na namba yake ya kumbukumbu, na namba hiyo izaliwe na kuhifadhiwa kabla ombi la kwanza halijaondoka. Nimeona msimbo unaotengeneza namba mpya ndani ya kitanzi cha kurudia. Huo ni mtego uliotegwa kwa bidii. Ukirudia kwa namba ileile, mpokeaji aliyeandikwa vizuri anakurudishia jibu la mwanzo badala ya kukata tena. Na kabla ya kurudia, uliza hali ya malipo kwa namba hiyo kama mtoa huduma ana njia ya kuuliza. Akiwa hana, muulize meneja wake kwa nini.

Dhana: weka sekunde 30 kila mahali, mambo yameisha

Kuna subira za aina mbalimbali, na zikichanganywa zinadanganya. Kuna ya kuunganisha: ukiiachia Linux yenyewe, jaribio la kufungua muunganisho na mashine isiyojibu linaweza kuchukua zaidi ya dakika 2, maana SYN, pakiti ya kuomba muunganisho, inarudiwa mara 6 na nafasi kati yake zinakua. Kuna ya kusoma, kuna ya ukimya, na kuna ya jumla, ile inayosema kazi hii yote, iwe iwavyo, isizidi muda fulani.

Watu wanaisahau hiyo ya mwisho. `proxy_read_timeout` ya nginx (seva inayokaa mbele na kupitisha maombi kwa seva ya nyuma) ni sekunde 60, lakini sekunde hizo zinahesabiwa kati ya kusoma na kusoma, si kwa jibu zima. Seva ya nyuma ikidondosha baiti moja kila sekunde 50, nginx itakaa nayo mpaka kesho. Mwaka 2009 Robert Hansen alitoa Slowloris, programu ndogo inayotumia udhaifu wa jinsi hiyo kutoka upande wa mteja: inafungua miunganisho mingi na kutuma vichwa vya HTTP kidogokidogo, kila mara kabla subira haijaisha, mpaka nafasi zote za seva zimeshikwa. Kompyuta moja ya kawaida ilitosha kuisimamisha seva ya Apache. Dawa ni ukomo wa jumla wa kupokea vichwa, au kiwango cha chini cha baiti kwa sekunde.

Kosa jingine linajitokeza kama hitilafu 502 (seva ya mbele haikupata jibu halali kutoka ya nyuma) ya mara mojamoja, ambayo hakuna anayeweza kuirudia akikaa kuitafuta. Seva ya mbele inashikilia muunganisho uliokaa bure kwa sekunde 60 ili iutumie tena. Nyuma kuna Node.js, programu ya kuendesha JavaScript kwenye seva, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikifunga muunganisho kama huo baada ya sekunde 5. Ikitokea ya mbele imetuma ombi sekunde ileile ambayo ya nyuma inafunga, ombi linaangukia mlango uliofungwa. Anayepokea maombi asubiri muda mrefu kuliko anayeyatuma. Kwa ukomo wa jumla mambo ni kinyume: aliye ndani akate tamaa kabla ya aliye nje, la sivyo kanzidata itaendelea kupiga hesabu ya ripoti ambayo mwenyewe ameshafunga kivinjari na kwenda kula.

Dhana: taima elfu hamsini zitaua seva

Zitaiua kama kila taima umeipa uzi wake (mkondo wake wa utekelezaji ndani ya programu), au kama unapitia orodha nzima kila sekunde kutafuta zilizoiva. Vinginevyo, hamsini elfu ni kidogo.

Jambo la kukumbuka kuhusu taima za mtandao ni kwamba karibu zote hazifiki mwisho. Unaweka subira ya sekunde 60, data inaingia sekunde ya 3, unafuta na kuweka nyingine. Kwa hiyo kinachotakiwa kuwa rahisi ni kuweka na kufuta. Nginx inatumia mti mwekundu-mweusi, lugha ya Go inatumia hipu yenye matawi manne; zote ni njia za kupanga taima ili ya kuiva mapema ipatikane haraka. Zote gharama yake inakua polepole sana taima zikiongezeka. Mwaka 1987 George Varghese na Tony Lauck walieleza gurudumu la muda: fikiria uso wa saa, kila alama ina kapu lake, na taima ya sekunde 10 unaitupa kwenye kapu lililo alama 10 mbele ya mshale. Kuweka ni hatua moja, kufuta ni hatua moja, ziwe taima mia au milioni. Kerneli ya Linux ina gurudumu la namna hiyo kwa taima zake za kawaida, na maktaba ya mtandao ya Netty na mfumo wa ujumbe wa Kafka nazo zina yao.

Lakini kabla hujaleta maktaba yoyote, tazama kama subira zako zote ni za urefu mmoja. Vifaa vyote vya magari vikisubiriwa dakika 3, orodha ya kawaida inatosha: aliyesikika karibuni anapelekwa mkiani, na wa kuondolewa siku zote yuko kichwani. Njia nyingine, na ndiyo ninayoipenda zaidi, ni kutoigusa taima kabisa data inapoingia. Andika tu saa ya mwisho kusikika. Taima ikilia, iangalie saa hiyo. Kama muda haujatimia, ijipange upya kwa muda uliobaki. Pakiti elfu zinakugharimu kuandika namba elfu moja, basi.

Dhana: taima ya sekunde 5 inalia sekunde ya 5

Inalia si kabla ya sekunde ya 5. Kama uzi pekee wa programu umekwama kusoma faili kubwa, taima zote zinapanga foleni nyuma yake.

Swali zito zaidi ni saa ipi unayohesabia. Kuna saa ya ukutani, inayosema leo ni tarehe ngapi, na kuna saa ya kwenda mbele tu, CLOCK_MONOTONIC kwenye Linux. Ya ukutani inarekebishwa. Kompyuta ndogo iliyowekwa ofisini Sakina, isiyo na betri ya saa, umeme ukikatika na kurudi inaweza kuamka ikidhani ni mwaka 1970. Dakika moja baadaye NTP, huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao, inaisahihisha. Programu iliyohesabu ukimya kwa kutoa saa ya ukutani inaona kila mteja amenyamaza zaidi ya nusu karne, na inawafukuza wote kwa pamoja.

Wakubwa pia yamewakuta. Sekunde ya nyongeza (inayoongezwa ili saa zilingane na mzunguko wa dunia) ilipoingizwa mwanzoni mwa 2017, sehemu ya huduma ya DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, ya kampuni ya Cloudflare ilianguka kwa sababu tofauti ya nyakati mbili ilitoka hasi, kitu ambacho msimbo haukukitarajia. Huku kwetu ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari. Mwaka huohuo Go 1.9 ilianza kubeba saa ya kwenda mbele ndani ya thamani zake za muda.

Na kwa wa JavaScript: `setTimeout` ya Node.js haivuki milisekunde 2147483647, kama siku 24.8. Ukiomba siku 30 kumkumbusha mteja kulipia usajili, inageuzwa kuwa milisekunde 1, na ujumbe unaondoka papo hapo.

Dhana: Tanzania haibadilishi saa, kwa hiyo kroni haina shida

Nchi haibadilishi, seva inaweza kubadilisha. Seva nyingi zinatumia UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo kazi ya `0 0 * * *` (saa sita usiku kila siku) iliyopangwa kwenye kroni, programu ya kuanzisha kazi kwa ratiba, inaanza saa tisa usiku kwetu. Zilizowekwa kwa saa za London zinasogea mara mbili kwa mwaka. Tena kroni haiangalii kama kazi ya mwanzo imeisha: ya kila dakika 5 inayochukua dakika 8 itajikanyaga yenyewe, na `flock` ndiyo kufuli ya kuizuia.

Dhana: nimeshajaribu, nimezima seva na mteja ameona

Ulipoua mchakato, kerneli ilimuaga mteja kwa niaba yake. Umejaribu kuagwa, hujajaribu ukimya. Ukimya unatengenezwa kwa kudondosha pakiti bila taarifa: `iptables -A INPUT -p tcp --dport 5023 -j DROP` kwenye mashine ya majaribio, au chomoa antena ya kifaa katikati ya kutuma. Kisha kaa na saa uone inachukua muda gani mpaka kila upande ukubali mwenzake hayupo. Angalia tu namba ya mlango kabla ya kubonyeza Enter, maana ukiandika 22, mlango wa SSH unaokuingiza kwenye seva kwa mbali, kwenye seva iliyoko Frankfurt nawe uko Njiro, utabaki kutafuta namba ya huduma kwa wateja.