Maktaba huazimana vitabu

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu ya hapa Tanga: "Kitabu kisipokuwepo maktaba ya kwenu, usijisumbue, maktaba haziazimani. Panda basi uende Dar." Si kweli.

Maktaba nyingi duniani huazimana. Wewe humfuati mwenye kitabu. Unamwomba mkutubi wako, naye anaomba kwa mwenzake. Kitabu kikifika unakichukua kaunta ile ile uliyoizoea, ila tarehe ya kukirudisha hupangwa na waliokitoa. Makala fupi mara nyingi hutumwa nakala tu.

Mkanganyiko unaeleweka. Si kila maktaba ina huduma hii, gharama ya kusafirisha pengine utailipa wewe, na vitabu adimu au vya rejea kwa kawaida havitoki. Mtu akinyimwa kamusi moja nene, akirudi barazani Ngamiani atasema milango yote imefungwa.

Kuhakikisha ni rahisi. Andika jina la kitabu, mwandishi, mwaka, na ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ukiijua (tarakimu 13, vitabu vingi vya kabla ya 2007 vina 10), kisha muulize mkutubi: "Mnaazima kutoka maktaba nyingine?" Na ujumbe ule ukikufikia, tafadhali ndugu yangu, usiusambaze.