Kidole Gumba cha Mzee Hakitoshi

Wiki hii wameingia ofisini watu watatu, na wote wamenitolea karatasi ya aina moja: hati ya uwakilishi wa kisheria, pawa ya atoni kama mnavyoiita, ya kumpa mtu mamlaka juu ya mali ya mwingine, yenye alama ya kidole gumba cha mzee aliyepigwa na kiharusi na ambaye hajitambui. "Wakili, si ametia kidole?" Amekitia, au mmemshika mkono mkamtilia?

Anayetoa mamlaka lazima ajue anachokitoa, siku ileile anapokitoa. Asiyelikumbuka jina la mwanawe hawezi kumkabidhi shamba. Na hata ile hati aliyoiandika akiwa timamu, nguvu yake huisha akili zinapomtoka, hapo hapo mnapoihitaji. Najua inaudhi. Lakini kuipeleka benki au kwa msajili wa ardhi ni kujitafutia kesi, na atakayekushtaki ni yule ndugu mliyemficha jambo hili.

Njia ni kuiomba Mahakama Kuu, kitengo cha familia pale Milimani, Nairobi, iteue msimamizi wa mali ya mgonjwa chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, sura ya 248. Njoo na ripoti ya daktari inayoeleza hali ya akili, si barua ya kulazwa tu. Njoo na ridhaa za ndugu zako, zimetiwa sahihi. Kama mtavutana nani ateuliwe, vutaneni nyumbani kwanza. Kortini kila pingamizi ni miezi.

Lakini jamani, kupooza si kupoteza akili. Mama asiyeweza kusema, ila anaelewa na kuitikia kwa kichwa, bado ndiye mwenye mali. Mwacheni aamue.

"Mimi ni mkewe, mahakama ya nini?" Ndoa haifungui akaunti iliyo kwa jina lake peke yake. Wala kuandikwa jamaa wa karibu kwenye fomu ya benki. Na nambari ya siri ya M-Pesa inayojulikana na nyumba nzima si mamlaka.

"Nikiteuliwa msimamizi nitauza ploti ya Ruai nilipe hospitali." Huuzi, huweki rehani, hutoi zawadi bila ruhusa maalum ya mahakama. Orodha ya mali yote unaiwasilisha ndani ya miezi 6, na hesabu kila mwaka. Mimi huwaambia wateja wangu: fungua akaunti ya pekee, tunza risiti, hata ya nepi.

Mzee akifariki, amri iliyokuteua nayo imekwisha. Hapo ni Sheria ya Urithi, sura ya 160, na faili jipya.