Solo: Siku Mwalimu Anaposhuka na Kukuachia Ndege

Katika urubani, solo ni mara ya kwanza mwanafunzi anapopaa, kuuzunguka uwanja na kutua akiwa peke yake. Mwalimu hushuka, hufunga mkanda wa kiti chake kitupu, hurudishia mlango, kisha husimama pembeni akitazama juu. Mzunguko wenyewe huisha kwa dakika sita au saba hivi. Ndege, ikiwa imepunguza uzito wa mtu mzima, hupaa upesi kuliko ulivyozoea. Wengi hushtuka hapo.

Na leseni yenyewe, itachukua saa ngapi za kuruka kuipata? Klabu za ndege zina mzaha wa zamani kwamba leseni hudai saa nyingi kama miaka yako. Kwa kijana mzaha huo hauna maana, kwa kuwa viwango vya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, vinataka angalau saa 40 kwa leseni ya rubani binafsi (35 kwenye kozi iliyoidhinishwa), na umri usiopungua miaka 17. Umri wa mwisho haukuwekwa.

Umri una uzito wake, tusidanganyane. Wa miaka 18 mikono yake hushika haraka. Wa miaka 50 huchelewa kidogo kuunganisha usukani, redio na kipima kasi kwa wakati mmoja, ila ndiye anayesoma kitabu nyumbani na kukagua mafuta mara mbili. Kwa maoni yangu, kinachomla saa zaidi si miaka bali kalenda yake: kikao leo, msiba kesho, wiki tatu zimepita.

Hesabu ndiyo inayoumiza. Sehemu ngumu ya kutua, pale unapoinua pua kidogo ili magurudumu yaguse taratibu, ni ya sekunde chache tu. Katika saa nzima ya mizunguko unaweza kutua mara nane. Zidisha: saa uliyoilipia imekupa chini ya dakika moja ya zoezi lenyewe. Tena saa huanza kuhesabiwa ndege inapotembea ili kwenda kupaa, kwa hiyo foleni nyuma ya ndege za watalii pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nayo imo kwenye bili. Ujuzi mdogo hivyo hauvumilii pengo. Anayeruka mara moja kwa mwezi hutumia somo zima kurudi alipoachia.

Je, basi uruke asubuhi na jioni kila siku? Hapana, uchovu nao hula pesa. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Mwaka 1978 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwafundisha wafanyakazi wa posta kupiga taipu. Waliojifunza saa moja kwa siku walihitaji saa chache kuliko waliojifunza nne. Na hao hao wa saa moja ndio walioridhika kwa kiwango cha chini kabisa na ratiba yao.