Kuvuja mkojo si lazima kwa aliyezaa

Sokoni Uyole, mama akipiga chafya huku amejitwisha ndoo ya viazi, kitenge kikalowa kidogo, wenzake humfariji: "Ndiyo uzazi huo, na baridi hii ya Mbeya!" Uzazi unachangia kweli. Baridi humwongezea mtu safari za chooni tu. Lakini kusema tatizo hilo halina tiba, hapana.

Kinacholegea ni misuli ya sakafu ya nyonga, inayokishikilia kibofu kwa chini. Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliandika mwaka 1948 kwamba misuli hiyo ikifanyishwa mazoezi hupata nguvu, na tafiti za baadaye zimemuunga mkono. Unaikaza kama mtu anayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, unahesabu hadi tano, unaachia. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Usibane pumzi wala makalio (wengi hukosea hapo). Nafuu huchukua miezi kama mitatu. Kujinyima maji hakusaidii, maana mkojo mzito hukikera kibofu.

Ila mkojo ukitiririka mfululizo baada ya uzazi wa shida, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo haitaki mazoezi, inataka hospitali, na mara nyingi upasuaji wa kuziba tundu.