Bahari nje ya maili 200 haikosi sheria

Madikoni Unguja na Pemba husemwa mara kwa mara kuwa meli ikishavuka maili 200 za baharini kutoka pwani imefika mahali pasipo mwenyewe wala sheria, hivyo huvua ipendavyo. Mwenyewe kweli hakuna. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unazitaka nchi zishirikiane kuhifadhi samaki wa huko, na kwa jodari kazi hiyo hufanywa na Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Ushelisheli, ambayo Tanzania ni mwanachama wake. Samaki wa milima ya chini ya bahari wana makubaliano yao ya kusini mwa Bahari ya Hindi, yaliyoanza kutumika 2012. Hao ndio walio hatarini zaidi: samaki aitwaye kitaalamu Hoplostethus atlanticus, kwa mfano, huchukua miongo kadhaa kupevuka na anaweza kuishi zaidi ya miaka 100, hivyo wakishakombwa hawarudi upesi.

Udhaifu uko kwenye utekelezaji. Nje ya maili 200, mwenye jukumu la kuiadhibu meli ni hasa nchi ambayo bendera yake inapepea juu yake, na si kila nchi ina bidii hiyo. Kwa meli zenye bendera ya Tanzania, jukumu hilo linaihusu Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, iliyopo Fumba, Unguja.